Skolastika Aliyejiita Mpita Njia

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, walio karibu wasikie!

Pakawa, walio mbali wasije!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mtu.

Palikuwa na nini tena?

Palikuwa na kisicho mtu.

Haya, sogeeni. Sogeeni zaidi. Wewe wa mlangoni ingia ndani kabisa, rudisha na hilo komeo, sukuma mpaka liseme ka. Vizuri. Mdogo wenu amelala hapa mapajani, kwa hiyo mkiitikia itikieni kwa chini, nami nitaisema haraka giza lisije likatukuta katikati, maana hii si hadithi ya kusemwa gizani.

Basi, zamani palikuwa na kijiji kinaitwa Mlumbati, chini ya mlima, kina kanisa la udongo na kengele ya kipande cha reli. Katika kijiji hicho alikuwapo mwanamke, jina lake Skolastika, na mumewe alikuwa msituni akipasua mbao, mwezi unaisha hajarudi.

Huyo Skolastika alikuwa na akili, jamani! Nyani wa mlimani walikula mahindi ya kijiji kizima, ya kwake hawakuyagusa. Kwa nini? Alimnasa nyani mmoja, akampaka chokaa mwili mzima, akamwachilia. Nyani wenzake wakamwona mweupe, wakakimbia. Naye akawafuata, ni ndugu zake, afanyeje? Wao mbio, yeye mbio, mpaka ng'ambo ya mlima, hawakurudi tena.

Wanawake kisimani wakasema, "Huyu Skola akicheza bao na shetani, shetani atarudi kwao bila kete!"

Skolastika akacheka, akasema, "Akili yangu ndiyo ukuta wangu."

Lakini kuna jambo moja ukuta ule haukulizuia. Skolastika alizaa, akazika. Alizaa tena, akazika. Alizaa tena, akazika.

Watu wakanong'ona kwamba kuna zimwi linalopita milangoni jioni, linasikiliza. Likisikia mtoto anaitwa kwa upendo, linajua hapa pana kitu.

Lilikuwa na mkia? Sijui mkia mimi. Hakuna aliyeliona, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Basi Skolastika akapata mimba nyingine, akajifungua mtoto wa kiume, na aliyempokea ni mama mkwe wake, Bibi Matrona, ambaye alikuwa akikaa naye nyumba moja. Bibi Matrona akamfuta mtoto uso, akasema:

"Mkamwana, Jumapili tumpeleke akabatizwe, tumwachie Mungu."

"Kanisani hapana, mama. Katekista ana sauti kama fahali. Akimtaja mtoto pale ndani, nani hatasikia mpaka bondeni?"

"Basi kama moyo umekataa kutulia, wazee walikuwa na njia yao ya jalala. Mtoto analazwa jalalani alfajiri, mama yake anasema hiki ni taka, anaondoka. Mwanamke mwingine anasubiri pale pale, anamwokota, anakuja naye, anasema nimeokota taka, nileleeni. Ubaya ukisikia taka unapita zake. Lakini nisikilize vizuri, mwanangu. Anayetupa siye anayeokota. Iwe mikono ya watu wawili."

Skolastika akawaza.

Siku ile ile katekista akabisha hodi, mzee mmoja mpole anaitwa Wensilausi, amesikia Skola amefikia siku zake. Skolastika akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake.

"Lilikuwa tumbo la maji, katekista. Limekwisha."

Maskini yule mzee akavua kofia. Akasema tusali, wakasali. Na Skolastika akafumba macho, akafumbata mikono, akasema kwa sauti, "Ee Mungu, asante kwa yote, ingawa umeninyima."

Na mtoto yuko uvunguni, ndani ya ungo, amefunikwa gunia!

Mnaona? Hakumdanganya katekista tu. Moyoni alisema hivi: siri ya watu wawili si siri, hata huyo wa pili akiwa Mungu.

Basi usiku ule Bibi Matrona akauliza, "Nani atakuokotea? Mwite Nambizo wa jirani."

"Nambizo ana mdomo."

"Basi mimi."

"Wewe unakaa hapa hapa, mama. Zimwi si jinga."

"Nani, basi?"

"Mimi mwenyewe. Nitamtupa nikiwa nimevaa kanga nyekundu, hapo mimi ni mama. Nitazunguka jalala. Nikitokea upande wa pili nitakuwa nimejifunika kanga nyeusi mpaka usoni, hapo mimi ni mpita njia. Nitamwokota, nitaondoka. Hajui mtu."

Bibi Matrona akamtazama. "Mwanangu, unataka kumdanganya nani?"

"Kila mtu," akasema Skolastika.

Alfajiri ikafika na ukungu. Jalala la Mlumbati lilikuwa nyuma ya migomba, majivu na maganda na vigae, lundo dogo tu ambalo kuku hulipanda na kushuka. Skolastika akamlaza mtoto juu ya majivu. Majivu yalikuwa na uvuguvugu, ingawa hakuna aliyemwaga tangu jana yake.

Akasema, "Hiki si mtoto, ni taka. Sikukizaa mimi."

Akasema tena, "Hiki si mtoto, ni taka. Sikukizaa mimi."

Akasema tena, "Hiki si mtoto, ni taka. Sikukizaa mimi." Mara hii ya mwisho sauti haikutetemeka hata kidogo, na yeye mwenyewe akashangaa.

Akavua kanga nyekundu, akaiacha chini. Akajifunika nyeusi. Akaanza kuzunguka. Nimewaambia lundo lilikuwa dogo, sivyo? Basi asubuhi ile alizunguka, akazunguka, akazunguka, ukungu mbele na ukungu nyuma, akapita maganda ya matunda asiyoyajua, akapita vyungu vilivyovunjika vya watu asiowajua, na kila alipodhani amefika bado. Mtoto hakulia. Afadhali angelia.

Alipotokea upande wa pili, akakuta mtu amesimama.

Mwanamke. Amevaa kanga nyekundu, ile ile. Amempakata mtoto. Akageuka, na uso ulikuwa uso wa Skolastika. Jino lake lililomeguka, kovu lake la nyusi, vyote. Ila macho hayakupepesa.

"Umechelewa, mwenzangu," lile zimwi likasema. "Nimeshaokota."

Skolastika akaivuta kanga nyeusi usoni.

"Wewe ni nani?" zimwi likauliza.

Sasa hapa, wanangu, hapa! Angesema mimi ni mama yake, hadithi ingekwisha, tungelala. Lakini mwerevu haiachi hila yake njiani. Akawaza, nikisema mama nimeharibu kila kitu, ngoja kwanza nilizungushe. Akasema:

"Mimi? Mpita njia tu."

"Basi mpita njia," zimwi likasema, "pita."

Likaondoka. Halikwenda porini, halikwenda pangoni. Lilishika njia ya migombani, likakata kwenye mti wa mkwaju, likaingia nyumbani kwake Skolastika, na mlango ukafungwa.

Skolastika akakimbia. Akafika mlangoni amepoteza pumzi. Bibi Matrona alikuwa kibarazani akipukuchua maharage.

"Mama! Mama, ni mimi!"

Bibi Matrona akainua macho, akamtazama kwa adabu kama mtu anavyomtazama mgeni. "Karibu. Wewe nani, mama? Wa ukoo gani?"

"Mimi Skola!"

"Skola gani? Skola yuko ndani, amewasha moto. Pole, mama, naona umetembea mbali. Jua limekupiga."

Skolastika akaondoa kanga, akajishika uso. Kovu la nyusi halikuwapo. Jino lilikuwa zima. Alishika uso wa mtu yeyote.

Kutoka ndani sauti yake mwenyewe ikaita, "Mama, ni nani huyo?"

Akawaza haraka haraka, nikipiga kelele watanifunga kamba wakisema nina wazimu, bora niingie kwa akili. Akasema, "Ni mpita njia. Naomba maji ya kunywa."

Akaingia. Jikoni chungu kikubwa, kile cha kupikia watu wa msiba, kilikuwa juu ya mafiga, kimejaa maji. Mtoto alikuwa kwenye ungo kando yake, ameoshwa, msafi kama kiazi. Zimwi lilikuwa limechutama, likipanga makaa kwa vidole.

Likasema kwa chini, Bibi Matrona asisikie, "Jua likigusa mlima, maji yatakuwa tayari."

"Mwachie," Skolastika akanong'ona. "Wale watatu hawakukutosha?"

"Wepi?"

"Watoto wangu."

Zimwi likafikiri kidogo. "Hao sikuwahi kuwaona. Mimi huenda ninapoitwa. Huyu amesemwa kwamba hana mwenyewe, amesemwa vizuri, sauti haikutetemeka."

Skolastika akaelewa. Miaka yote ile alijenga ukuta upande ambao adui hakuwapo. Lakini hakukaa kuliwaza hilo, akili yake ilikuwa tayari inakimbia.

Akakumbuka kwamba mazimwi hayawezi chumvi. Zimwi lilipogeuka kuchukua kuni, akamimina mfuko mzima wa chumvi kwenye chungu, maana litaonja tu. Zimwi likarudi, likachota kwa kata, likanywa, likafunga macho.

"Tamu hiyo," likasema. "Sisemi chumvi. Nasema hiyo akili. Una nyingine?"

Skolastika akataka kujibu, sauti iliyomtoka ikawa si yake. Ilikuwa nyembamba, ya mtu mwingine.

Akatoka nje. Jua limefika kichwani. Akawaza, akawaza, akapata. Akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga ukelele, "Moto! Moto! Paa linaungua!" Zimwi litakimbia nje, naye ataingia amnyakue mtoto. Waliokimbia ni majirani. Nambizo alikuja na ndoo, Bibi Matrona akajikwaa kwenye maharage yake akaanguka, mbwa akabweka. Ndani zimwi halikuinuka.

"Tamu hiyo," likasema kutoka ndani, sauti ikipita dirishani. "Una nyingine?"

Nambizo akatua ndoo, akafoka, "Huyu mgeni katoka wapi? Kama ulevi umekuzidi nenda kalale, usituchezee!" Na yule mbwa, ambaye Skolastika alimlea tangu hajafumbua macho, akamwonyesha meno.

Majirani wakaondoka wakisonya. Jua likainama. Skolastika akawaza, akawaza, akapata. Akachuma boga, akalifunga kwenye gunia kama mtoto anavyofungwa. Akanyata mpaka jikoni. Zimwi lilikuwa limempa mgongo, linapuliza moto. Akaweka boga kwenye ungo, akachukua mtoto, naye sasa amefungwa gunia lake, akatoka mbio, hodari, hakuangalia nyuma, mpaka migombani. Akapiga magoti, akafungua gunia.

Boga.

Na kutoka jikoni ikaja sauti, ya kuridhika, kama mtu aliyekula akashiba: "Tamu hiyo! Una nyingine?"

Skolastika akataka kumwita mama yake mzazi, kama mtu anavyoita akiumia. Akafungua mdomo. Jina la mama yake halikuja. Alilitafuta, halikuja.

Jua lilikuwa mkono mmoja juu ya mlima.

Basi akakaa chini na boga lake mapajani, akatafuta hila nyingine. Alikwangua kichwa chake kama mtu anavyokwangua sufuria wageni wakiwa wamekaa mezani. Hakuna. Ndipo akaanza kusali, na hata kusali kwenyewe, sikilizeni, alianza hivi: "Ee Mungu, ukinirudishia huyu, nitakupa..." Akasita. Akajisikia anavyosema. Akaona hata hapo bado anacheza bao.

Akaiacha sala hiyo. Halafu yakamtoka bila mpango, yanagongana.

"Mungu, nilikudanganya. Nilisema hukunipa, na ulinipa, nimezaa, ni wa kiume, nilimficha uvunguni ili usimwone, kana kwamba si wewe uliyemfinyanga mle gizani tumboni kabla mimi sijajua kama yupo. Nilisema ni taka. Yuko jikoni kwangu na kisicho mtu. Nilidhani akili inatosha. Haitoshi. Sina nyingine. Sina kitu. Nihurumie."

Hakuna radi iliyopiga. Malaika hakuonekana. Kuku alipita na vifaranga vyake, basi.

Lakini akasimama. Hakujua anakwenda kufanya nini. Aliacha boga chini, akaacha kanga nyeusi chini, akatembea, hakunyata, mpaka kwake, akapita Bibi Matrona kibarazani, akaingia jikoni. Maji yalikuwa yanavuma. Ukitazama nje mlangoni, kule mlimani, jua limegusa.

Zimwi lilikuwa limembeba mtoto juu ya mvuke. Likageuka, likatabasamu kwa lile jino lililomeguka.

"Wewe ni nani? Umekuja na ipi sasa?"

"Sina."

"Usinifanyie hivyo, shoga. Kila akili yako naisikia kabla hujaimaliza." Likamtazama kwenye paji la uso, likatega sikio kama mtu anayesikiliza mzinga kama una nyuki. Tabasamu likapungua. "Umeificha wapi?"

"Sikuficha."

"Mkononi una nini?"

"Sina kitu."

"Nje umemweka nani?"

"Sijamweka mtu."

"Unataka kufanya nini, basi?" Sasa lilikuwa linapiga kelele. "Sema unachotaka kufanya!"

"Sijui," Skolastika akasema. "Mimi ni mama yake. Aliyemtupa ni mimi. Aliyesema taka ni mimi. Mungu ameshasikia, nimemwambia mwenyewe. Mpe Mungu kilicho chake."

Akanyoosha mikono, mitupu, na ilikuwa ikitetemeka waziwazi.

Basi ule uso kwenye zimwi ukalegea. Ulikunjamana kama utando wa maziwa unapovutwa na kijiko, ukateleza, kovu likaenda na jino likaenda. Na chini yake, wanangu, hapakuwa na sura ya kutisha. Hapakuwa na sura. Palikuwa kama ndani ya kibuyu kitupu. Mikono ile ikalegea, na Skolastika akamdaka mtoto kabla hajagusa maji.

Mtoto akalia! Alilia kilio cha kutoboa masikio, kilio kizuri kuliko wimbo.

Bibi Matrona akaingia akichechemea. "Skola! Mkamwana, chungu cha msiba kinafanya nini motoni? Na ni nani huyo aliyenipita sasa hivi hapo mlangoni, sikuona uso wake?"

"Mpita njia, mama," akasema Skolastika. Akaketi chini pale pale kwenye majivu, akamnyonyesha.

Jumapili alikwenda kanisani akasimama mbele ya watu wote na kusema alichosema na alichofanya, na mzee Wensilausi akambatiza mtoto, akamtaja kwa ile sauti yake ya fahali, kengele ya reli ikapigwa mpaka bondeni. Skolastika hakuziba masikio.

Kisimani wanawake wakamzunguka. "Tuambie, Skola, ulilitegea nini?"

"Sikulitegea kitu."

"Toka hapa! Mchoyo wewe. Dawa ulipewa na nani?"

"Sikupewa dawa. Niliishiwa tu, nikamwambia Mungu kweli."

Hawakumwamini. Nambizo alikuwa na mimba wakati huo. Alirudi kwake kimya kimya, akaanza kutafuta kanga mbili.

Mtoto aliishi? Aliishi, ndiyo, akakua. Na wale watatu? Mnaniuliza mimi! Skolastika naye aliuliza. Alikwenda makaburini, akauliza waziwazi, "Mungu, kwa nini hawa?" Hakujibiwa. Akaenda tena, akauliza, hakujibiwa. Mpaka uzee wake alikuwa akienda na kuuliza, na kila akirudi alifuta machozi, akawasha moto, akapika. Hakutunga jibu. Angeweza, kwa akili zile, lakini hakutunga.

Akili tumepewa tulimie, tulelee watoto, tufukuzie nyani. Tusiifanye ukuta kati yetu na Mungu, maana tukijificha Yeye asituone, ni sisi tunaobaki nje, na huko nje tutakuta wengine.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa Skolastika. Aliyesikia aseme kweli yake kabla hajalala.

Haya, tusali. Hapana, usifumbe macho kwanza. Lete taa hapa, nimtazame mdogo wenu usoni.